Sura ya Saba: Doa Chini ya Injini

Dalali mzoefu hasubiri kuulizwa. Ukiinama tu kuchungulia chini ya gari, keshaanza: "Hiyo jasho tu, bosi. Gari ya Mjapani ikifika umri huu lazima itoe jasho. Sili yenyewe haifiki bei ya chipsi kuku, fundi nusu saa, umemaliza." Kinachoudhi ni kwamba huenda anasema kweli. Magari mengi ambayo mshahara wa kawaida unaweza kuyafikia, iwe Dar es Salaam au Mombasa, Mwanza au Nakuru, yametoka kiwandani zamani, na injini ya umri huo isiyo na unyevu wa oili mahali popote ni adimu kiasi cha kutia shaka. Mtu anayeapa kwamba gari linalovuja hatalinunua atazunguka yadi hadi yadi mpaka soli ziishe, na mwishowe atalipia gari ambalo injini yake imeoshwa asubuhi hiyo hiyo.

Kuvuja peke yake, basi, hakutoshi kukufanya ukatae gari, wala si jambo la kupuuzwa kwa neno la dalali. Kuna mambo matatu ya kujua: oili inatokea wapi, inatoka kwa kasi gani, na mwenye gari aliishije na tatizo hilo kabla wewe hujafika. La tatu ndilo zito kuliko yote. Ndilo pia ambalo wanunuzi wengi hawaligusi, kwa sababu doa liko chini na macho yote yanakwenda chini.

Tuchukue gari la kufikirika ili tusizungumze hewani. Ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500. Injini hiyo imo pia kwenye Raum, Probox, Funcargo na baadhi ya Vitz, ndiyo maana mafundi wa mitaani wanaifungua hata umeme ukikatika. Gari lina namba D, linasemekana limeendeshwa na mama mmoja wa Tabata kwenda kazini na kurudi, halidai kitu, bei inaongeleka. Upande wa kulia wa injini umelowa, na chini yake kuna doa la ukubwa wa sahani.

Kwa nini injini ivuje? Injini ni vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja, na kila vinapokutana kuna gasketi, sili ya mpira au silikoni. Chuma hudumu, mpira hauwezi. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, hutoka kiwandani ikiwa laini, lakini baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa inakuwa ngumu na kukatika ukiipinda, kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati. Hakuna aliyekosea hapo. Umri umefika.

Chanzo cha pili hakitajwi sana magereji, na kwa maoni yangu kinastahili kutajwa kabla ya sili yoyote. Mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, sehemu ya gesi hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini. Lazima itoke, na njia yake ni vali ndogo ya PCV, isiyozidi ukubwa wa kidole, inayoirudisha gesi hiyo ichomwe upya. Vali ikiziba kwa masizi, shinikizo hujaa ndani na kuisukuma oili itafute pa kutokea, na hupata penye udhaifu zaidi. Fundi akibadilisha sili hiyo, baada ya wiki chache inavuja nyingine. Mwenye gari anaanza kuamini amerogwa, au kwamba Kariakoo wamemuuzia sili feki. Vali yenyewe ni ya bei ndogo. Ukiichomoa na kuitikisa inatakiwa kulia, na ikiwa kimya ujue imekwama.

Mengine ni makosa ya mikono. Filta mpya imefungwa huku mpira wa filta ya zamani umebaki umeng'ang'ania kwenye injini. Nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imekazwa na kijana mwenye nguvu nyingi mpaka nyuzi zikafa. Oili imejazwa kupita alama ya juu. Sampo imegonga tuta lisilo na rangi wala kibao. Haya yote hutoa matone ya kutisha, na mengi hutibika kabla chai haijapoa.

Sasa mahali. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huipeleka nyuma, kwa hiyo tone linaloning'inia chini ya sampo linaweza kuwa limeanzia juu kabisa. Fundi mvivu hubadilisha kilicho karibu na tone. Fundi anayeijua kazi hutafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote, akaanzia hapo. Kama uchafu umekuwa mwingi mpaka hausomeki, injini huoshwa na kukaushwa, sehemu zinazoshukiwa hunyunyiziwa poda ya mtoto, gari linaendeshwa dakika ishirini hivi, kisha boneti linafunguliwa. Juu ya poda nyeupe mstari wa kahawia huonekana tangu chimbuko lake. Kabla ya hapo hakikisha ni oili ya injini kweli: ile ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu, maji ya rejeta huwa ya kijani au ya waridi na yanateleza, na maji matupu chini ya upande wa abiria ni ya kiyoyozi tu.

Kwenye IST yetu, upande wa kulia ndiko ilikofichwa cheni ya taimingi, na hapo kuna vyanzo vitatu vinavyoweza kuchora doa moja. Cha kwanza ni gasketi ya tapeti kava, inayokaa juu kabisa. Kuifikia ni kufungua koili na boliti chache. Fundi wa kawaida anaimaliza kwa saa moja. Cha pili ni sili ya mbele ya krenki, nyuma ya puli: mkanda unatoka, puli inatoka, sili inachokolewa na nyingine inapigwa. Cha tatu ni kava la taimingi lenyewe, ambalo kiwandani halikuwekewa gasketi ya mpira bali lilibandikwa kwa silikoni. Kulitoa ni kufungua tapeti kava, puli na maunti ya injini ya upande huo, kukwangua silikoni ya zamani mpaka chuma king'ae, kubandika upya na kuiacha ishike. Hiyo ni siku nzima, tena kwa fundi mvumilivu. Vifaa vya kazi zote tatu havipishani sana bei. Kinachopishana ni ufundi na muda, na dalali anapokutajia bei ya sili anakutajia sehemu ndogo kuliko zote ya gharama.

Mfano mbaya zaidi wa tofauti hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, inayokaa pale injini inapoungana na giaboksi. Mpira wenyewe unaubeba mfukoni. Lakini ili kuufikia, giaboksi lazima lishuke, na kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne kuna mengine ya kufungua kabla ya giaboksi. Kama gari ni la klachi, oili inaweza kuwa imeilowesha sahani ya klachi, ikaanza kuteleza ukipanda mlima. Ukiona unyevu pale kwenye maungio, bei ya mazungumzo ibadilike hapo hapo.

Magari mengine yana jiografia yao. Injini ya 1ZZ-FE ya Wish na Premio za cc 1,800 ina kikaza cheni kinachofungwa kwa nje, kikizungukwa na oringi moja. Oringi hiyo ikichoka, oili humwagika ubavuni mwa injini na kumfanya fundi asiyeijua aape kwamba kava la taimingi limekufa, wakati tiba ni nati mbili na kipande cha mpira. Harrier ya kwanza ya cc 3,000, yenye 1MZ-FE, inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni. Hapo sili ya krenki au ya kemu ikivuja, oili huulowesha mkanda na kuula kabla ya kilomita zake. Subaru za injini za EJ, wanazozipenda sana Kenya, silinda zao zimelala ubavuni, kwa hiyo tapeti kava ziko pembeni, karibu kabisa na mabomba ya ekzosi. Tone dogo tu linadondokea chuma cha moto na kujaza gari harufu ya kuungua. Wamiliki wake wameizoea harufu hiyo, na hilo ndilo tatizo, maana oili juu ya ekzosi inaweza kuwaka. Kwenye hizo hizo, gasketi ya hedi nayo ina historia ya kuvuja kwa nje, na kuibadilisha mara nyingi ni kuishusha injini nzima.

Gasketi ya hedi kwenye gari lolote naitenga peke yake. Ikivuja kwa sababu ya umri, ni kazi ya siku kadhaa. Ikivuja kwa sababu injini iliwahi kuchemka mpaka hedi ikapinda, hujui umenunua nini hata baada ya kuitengeneza.

Kasi ya kuvuja inapimika kwa hesabu rahisi. Tuseme mililita moja ya oili ni matone 25. Gari likidondosha matone kumi usiku kucha, hiyo ni chini ya nusu mililita. Kwa mwezi mzima hufikishi kijiko cha mezani. Doa lake kwenye sakafu litamkera mwenye nyumba, lakini injini haina habari. Tuseme sasa linadondosha tone moja kila sekunde injini ikiwa inawaka. Hiyo ni karibu mililita 144 kwa saa. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa mbili kwa siku, lita moja inaisha ndani ya siku nne. Injini ya 1NZ inabeba takriban lita 3.7 tu. Magari hayo mawili yanaweza kuwa na madoa yanayofanana yadini, kwa sababu yadini yote yamezimwa.

Kwa hiyo doa la gari lililolala halitoshi. Injini inapowaka, pampu huisukuma oili kwa shinikizo kwenye njia fulani: kuelekea kwenye filta, kwenye swichi ya oili, kwenye bomba la tabo kama lipo. Kwingineko, kama chini ya tapeti kava, oili inarushwa na kutiririka tu. Uvujaji wa upande wa pili una subira. Unaweza kuishi nao miezi huku ukiongeza oili. Wa upande wa shinikizo hauna subira hata kama leo ni tone. Swichi ya oili inayolowa ni kifaa cha bei rahisi, lakini siku itakapoachia, sampo inaweza kubaki tupu kabla hujafika nyumbani.

Nimesema la tatu, yaani mwenye gari aliishije na tatizo, ndilo zito. Oili iliyodondoka barabarani haijamuumiza mtu. Kinachoumiza ni ile ambayo haikuwepo ndani wakati injini inazunguka. Gari lililovuja miaka mitatu mikononi mwa mtu aliyechomoa stiki ya kupimia oili kila Jumamosi na kuongeza kilichopungua linaweza kuwa zima kabisa. Gari lililovuja miezi miwili mikononi mwa mtu aliyekuwa akiingoja taa nyekundu limekwisha, hata kama sili zote ni mpya leo. Ile taa yenye picha ya kopo la oili haipimi wingi wa oili. Inapima shinikizo, na shinikizo linapoanguka kiasi cha kuiwasha, beringi za krenki huenda zimeshaanza kusagana chuma kwa chuma. Madereva wengi wanadhani ni taa ya kukumbusha, kama ile ya mafuta.

Historia hiyo haiandikwi kwenye kadi ya gari, lakini ina nyayo. Fungua kifuniko cha kujazia oili na uangalie upande wake wa ndani, kisha uchungulie tunduni kwa tochi ya simu. Chuma chenye rangi ya dhahabu iliyofifia au kahawia ni cha kawaida. Tope jeusi zito maana yake oili ilikaa humo muda mrefu kupita kiasi, na tope hilo huziba njia nyembamba za oili. Toyota wenyewe waliingia kwenye shida hii: injini kadhaa za kati ya 1997 na 2002, ikiwemo hiyo 1MZ-FE, zilijaa tope kiasi kwamba mwaka 2002 kampuni iliwapa wamiliki wa Marekani ulinzi maalumu wa miaka minane tangu gari liuzwe likiwa jipya. Harrier za injini hiyo ziko barabarani kwetu bila ulinzi wowote zaidi ya tochi yako.

Chomoa stiki. Oili ikiwa chini ya alama, muuzaji hajali hata wakati wa kuuza. Ikiwa imejaa hadi juu na ni ya manjano safi, imewekwa juzi; si kosa, ila uliza ya zamani ilikuwaje na ilitoka lini. Itazame na unene. IST ilikusudiwa oili nyepesi kama 5W-30. Ukikuta SAE 40, inawezekana ni mazoea tu, maana wapo mafundi wanaoijaza hiyo kwenye kila kinachonguruma, lakini pia oili nzito ni njia ya zamani ya kupunguza uvujaji na kuficha moshi kwa wiki mbili tatu. Tafuta stika ya sevisi mlangoni au chini ya boneti na ulinganishe kilomita zake na za dashibodi. Halafu fungua buti. Chupa ya oili iliyobaki nusu, yenye vumbi la vidole, wengi huiona kama ushahidi wa ubaya wa gari. Mimi huipokea vizuri zaidi ya buti tupu kwenye gari linalovuja, kwa sababu inaonyesha kuna mtu aliyekuwa anafungua boneti.

Usichanganye kuvuja na kula oili. Gari linaweza kuwa kavu nje na bado linakunywa lita kati ya sevisi na sevisi, likiichoma ndani. Injini za 2AZ-FE za cc 2,400, zilizoko kwenye Harrier, Kluger na Alphard, baadhi yake zilikuwa na kasoro hiyo kwenye ringi za pistoni. Dalili ni moshi wa bluu: ukitoka kwa wingi asubuhi tu kisha ukapotea, shuku sili za vali, ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi. Injini ikiwa inaunguruma polepole, fungua kifuniko cha oili. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikipuliza moshi kwa mapigo mazito, ringi zimechoka, na sasa umeelewa pia kwa nini sili zinavuja: gesi inayoshuka ni nyingi kuliko vali ya PCV inavyoweza kuitoa. Gari la namna hiyo usibembelezwe na mtu. Utabadilisha sili mpaka uchoke, na dawa yake ni kuifumua injini au kuiweka nyingine.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala kwenye jarida la Quarterly Journal of Economics kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema: muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya kujihami, bei hiyo huwakatisha tamaa wenye magari mazuri, wanaondoka, na sokoni hubaki mabovu. Mwaka 2001 yeye, Michael Spence na Joseph Stiglitz walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za aina hiyo. Mtu aliyewahi kununua gari kwa dalali anaweza kushangaa kwamba jambo hilo lilihitaji profesa. Lakini hoja hiyo ina upande unaotufaa hapa: kinachoharibu soko ni kutojua, na doa la oili ni habari. Gari linalovuja waziwazi limekuambia jambo moja la kweli kabla muuzaji hajafungua mdomo. Lile lenye injini inayong'aa kama sahani ya sikukuu, plastiki zake zimepakwa mafuta ya kung'arisha, halijakuambia chochote. Kati ya mawili hayo kwa bei ileile, natoka na lililolowa, na kwa hilo nimebishana na watu wengi.

Habari hiyo unaipata ukilikuta gari kabla halijapashwa. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa vuguvugu, uliza lilitoka wapi. Tandika boksi safi chini, liwashwe, sikiliza sekunde za kwanza kama kuna mlio wa chuma unaopotea oili ikifika juu. Endesha nusu saa, uingie mlima na foleni, kisha ulipaki juu ya lile boksi kwa dakika kumi huku injini inawaka. Matone ya dakika kumi hizo yana maana kuliko doa la wiki nzima. Muuzaji akikataa jaribio hili, akasema gari "halitoki yadini bila advansi", mimi ningeagana naye kwa heshima. Hapo sababu ya kuondoka si oili tena.

Nenda na fundi wako, asiye rafiki wa dalali, na mkubaliane malipo yake kabla: fedha ileile ukinunua au usinunue. Fundi anayelipwa ukinunua tu ana cha juu kinachomngoja kwa muuzaji na matengenezo yanayomngoja kwako. Mpe ruhusa ya kusema "achana nalo" bila kukosa chakula cha jioni. Na umuulize kwa adabu swali moja kabla hajafunga boneti: "Fundi, ukikosea hapa, utakuwa umekosea kwa kipi?" Akikujibu kwamba anadhani ni tapeti kava ila huenda ikawa kava la taimingi, amekupa msingi wa bei.

Maana bei ijadiliwe kwa ubaya wa juu zaidi ambao fundi anaona unawezekana. Tuseme IST hii inatajwa shilingi za Tanzania milioni 11, na za kufanana nayo zilizo kavu zinaenda milioni 11 na nusu. Muuzaji anaona ameshakupunguzia laki tano kwa ajili ya doa. Kama tatizo ni tapeti kava, umepata faida. Kama ni kava la taimingi, pamoja na sili ya krenki ambayo ni ujinga kutoibadilisha huku umeshafungua, faida inaanza kuyeyuka, na bado hujahesabu siku ambazo gari litakaa gereji. Kama fundi ameona tope kwenye kifuniko, hesabu ya sili haina kazi tena, hesabu injini.

Hapo ndipo umaarufu wa gari unapokuwa bima. Injini ya 1NZ ya mtumba unaweza kuitafuta Ilala au Kariakoo asubuhi, na Nairobi wanaelekezana Kirinyaga Road. Hasara yako ina dari: bei ya injini hiyo na ufundi wa kuifunga, pamoja na usumbufu wa kurekebisha kumbukumbu, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Gari la kifahari la Ulaya linalovuja kiasi hicho hicho linaweza kuuzwa kwa bei inayokaribia ya IST hii, na wapo wanaoona hiyo ni bahati. Hasara yake haina dari ninayoifahamu.

Sheria haitakubeba sana. Sheria za mauziano ya bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, zote mbili zimetokana na sheria ya Uingereza ya 1893. Zinamlinda kwa kiasi fulani anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, lakini kama uliikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi ungepaswa kuionyesha ni yako. Doa uliloliona ni lako tangu siku ya kulipa. Kama muuzaji amekuahidi jambo, kwamba injini haijawahi kufunguliwa au haijawahi kuchemka, liandikwe kwenye mkataba wa mauziano kwa maneno hayo hayo, na asaini akiwa mbele ya wakili.

Kuna ahadi moja ambayo ni bora uikatae hata ikiandikwa: "Kaka, lipa advansi, kesho nakutengenezea hiyo leki mwenyewe." Mtu anayeuza gari kesho hana sababu ya kukwangua silikoni ya zamani. Atapaka mpya juu ya uchafu, nyingi, mpaka ifure pembeni, na kwa siku chache gari litakuwa kavu. Silikoni iliyofurika nje, kiasi hicho hicho imefurika ndani usikoona, na vipande vyake vikimeguka hubebwa na oili hadi kwenye chujio la pampu lililo chini ndani ya sampo, vikaliziba. Mwombe akupunguzie hiyo fedha ya matengenezo, uchukue gari likiwa linavuja vilevile, na uanze na vali ya PCV kabla ya kugusa sili yoyote.